Utafiti wa meno wa kitaifa: tuendelee kuwafuata watoto shuleni tu?

Mchangiaji aliyetangulia anataka utafiti ujao wa afya ya kinywa Kenya ufuate njia ya mkato: vituo vichache vya upimaji, watoto wa miaka 12 wapimwe shuleni, kisha itolewe asilimia moja ya nchi nzima. Hoja yake ni kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO) limeelekeza hivyo, na fedha hakuna. Napinga.

Umri wa miaka 12 haukuokotwa. Meno ya kudumu yanakuwa yameota karibu yote, isipokuwa magego ya mwisho, na katika nchi nyingi huo ndio umri wa mwisho wa kuwakuta watoto wengi pamoja kabla ya kutawanyika. Hapo kwenye kutawanyika ndipo ninapokwama. Mtoto anayechunga mbuzi Turkana, au anayebaki nyumbani kulea wadogo zake, hayumo kwenye daftari la mwalimu. Asipopimwa, tunatangaza hali ya walio shuleni kana kwamba ni ya watoto wote.

Suala la maji linaniuma zaidi. Niliwahi kuwa karani wa upimaji katika shule moja ya Bonde la Ufa. Daktari anakagua jino kwa kioo na kijiti chenye ncha ya duara, anataja namba, nami naandika. Binti mmoja alikaa kitini na kiganja mdomoni, hataki kukiondoa. Alipokiondoa, meno yake yalikuwa ya kahawia, mengine yamemegeka. Hayakuwa yameoza. Ilikuwa floraidi ya kisima, madini ambayo yakizidi majini huharibu meno ya mtoto. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya kurekodi madoa yale, ila haikuwa na mahali pa kuandika anakunywa maji ya wapi.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 41.4 ya watoto wana madoa ya floraidi, na asilimia 23.9 wana meno yaliyooza. Madoa yameupita uozo! Lakini mtoto wa Nakuru na wa Lamu hawanywi maji mamoja. Waziri wa maji wa kaunti atafanya nini na 41.4 ya taifa? Anachohitaji ni kujua kisima kipi kimezidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kiwango cha juu ambacho WHO inapendekeza, na watoto wangapi wanakitegemea.

Na tusiusingizie mwongozo wa WHO. Huo huo unaosema watu 25 hadi 50 wa kila umri katika kila kituo unataka pia makundi yenye hali tofauti ya ugonjwa yapate vituo vyake. Basi tugawe vituo kwa chanzo cha maji, si kwa mji na kijiji peke yake.

Kuhusu fedha: wadodosaji wa utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) tayari wanaingia majumbani katika kaunti zote 47. Wachukue chupa ya maji na kuuliza maswali machache ya meno, kisha madaktari waliopimwa kwanza kama wanasoma jino moja sawasawa watembelee sehemu tu ya nyumba hizo, wakiwemo watoto wasiosoma.

Wenzangu mliowahi kusimamia upimaji wa nyumbani: mtoto mkimkosa siku ya kwanza, mlirudi mara ngapi kabla ya kumfuta kwenye orodha?