Barua pepe za bure: tunawadai au wanatudai? Tupeane uzoefu

Mtafuta_Njia (mleta mada)
Wakuu, heshima zenu. Jana nimefungua kisanduku changu nikakutana na ule mstari mwekundu: nafasi imejaa, hutapokea wala kutuma. Barua zenyewe hazifiki hata robo ya nafasi. Kilichojaza ni picha za simu ambazo sikumbuki kuzipeleka huko.

Nikakumbuka machungu ya huduma niliyotumia kabla ya hii. Kule nilikuwa nimejiwekea vichujio (zile kanuni za kuipangia kila barua pa kwenda) kama kumi na viwili. Kimoja kilikuwa na kazi moja tu: barua za msimamizi wangu zisitupwe kwenye barua taka, maana sijui kwa nini mashine ilimchukia yule mzee. Siku moja wakaamua wasiolipa wabaki na kichujio kimoja. Vingine vikazimwa kimyakimya. Wiki tatu nikadhani msimamizi amepoa, kumbe anaandika kila siku na kila siku anatupwa jalalani. Tulipokutana ana kwa ana hakuitika salamu yangu.

Swali: mtu akikupa kitu bure, ana wajibu wa kukupa kizima? Au tufyate mkia kwa kuwa hatujatoa hata senti?

Bintiwatu
Yamenikuta hayo hayo. Ila mimi alikuwa mchumba.

Kiroboto
Bure halafu unadai? Nguo ya kuazima haisitiri matako, mkuu. Lipia ulale usingizi.

Fundi_Sava
Vijana mmedeka. Hotmail ilipoanza Julai 1996, kisanduku kilikuwa MB 2. Mbili! Ulikuwa unasoma barua na kuifuta papo hapo kama mtu anayechoma ushahidi. Rafiki akikutumia picha moja kubwa, umekwisha, zinazofuata zote zinarudishwa kwa watumaji. Na ukikaa muda mrefu bila kuingia, unakuta kumefagiliwa.

Kusogeza vitu upande wa kulipia nako si jambo la leo. Mwaka 2002 Yahoo waliwatoza ada waliotaka kuvuta barua kwa POP (njia ya kuzishusha) kwenda kwenye programu za kompyuta zao. Watu walilalamika, wengine wakahama, wengine wakalipa, dunia ikaendelea.

Kilichotuokoa si wajibu wa mtu yeyote. Tarehe 1 Aprili 2004 Gmail ilitangazwa na GB 1, wengi wakadhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Wenzao walipoona si mzaha, wao pia wakaanza kupanua. Ushindani ndio uliotupa nafasi, na siku ukiisha nafasi inaweza kurudi ilikotoka.

Mwanasheria_Bubu
@Kiroboto neno "bure" ndilo linalokupoteza. Huduma nyingi zinaishi kwa matangazo. Wewe unatoa macho yako na muda wako. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Kama nimelipa kwa njia hiyo, basi nina haki ya kuhoji nilichouziwa.

Kiroboto
@Mwanasheria_Bubu Google walitangaza mwaka 2017 kwamba wanaacha kusoma yaliyomo kwenye barua ili kupanga matangazo. Sasa wamekula nini chako?

Mwanasheria_Bubu
Kwani matangazo yenyewe yaliondoka? Walisema hawatachungulia barua ili kuyapanga. Soma vizuri kabla ya kunijibu.

Kiroboto
Nimesoma kabla hujazaliwa.

Dada_Mpole
Jamani. Mada ni uzoefu.

Na si wote wanaoishi kwa matangazo. Proton Mail hawana matangazo, wanaotumia bure wanabebwa na wanaolipa. Ila ukitaka kuisoma kwenye programu ya kompyuta kama Thunderbird, inabidi uwe umelipia, maana barua zao zimefungwa kwa usimbaji, yaani maandishi ya siri, na panahitajika programu maalumu ya kuzifungua, wanaiita daraja. Mimi nimeikubali hiyo. Waliniambia mapema, sikuvuliwa nguo katikati ya safari. Tatizo la @Mtafuta_Njia kwangu si kichujio. Alikuwa nacho, wakampokonya bila kumwamsha.

Jua_Kali
Mimi malalamiko yangu ni moja. Wanasema mwisho wa kiambatisho ni MB 25. Natuma faili ya MB 20, inakataa. Huo si wizi?

Fundi_Sava
@Jua_Kali si wizi, ni hesabu. Barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi matupu, kwa hiyo faili lako hugeuzwa kuwa herufi kabla ya kusafiri, na likigeuzwa linanenepa kwa karibu theluthi moja. MB 20 zako zinafika mlangoni zikiwa karibu 27. Hata ukilipia, mwili unanenepa vilevile.

Jua_Kali
Duh. Miaka yote hii nawatukana bure.

Msomaji_Kimya
Mimi huwa napita tu, sichangii. Leo mmenigusa pabaya.

Miaka kadhaa nyuma nilijisajili mahali, sitapataja. Nikapata anwani ya ajabu: jina langu na la baba, bila namba, bila nukta. Kwa mtu mwenye jina la kawaida kama langu hiyo ni bahati ya mtende. Nikabonyeza haraka kabla haijachukuliwa.

Wiki ya kwanza ikaingia barua: "Mwanangu, mguu umepona, usiwe na wasiwasi." Nikasema kuna mama amekosea herufi. Ikaja ya pili. Halafu ukumbusho wa miadi ya daktari. Halafu mtandao wa kijamii nisiowahi kuutumia ukaniuliza mbona nimepotea. Ndipo nikaelewa. Anwani ilikuwa na mwenyewe, mtu wa jina moja nami. Alikaa muda mrefu bila kuingia, akaunti ikafutwa, jina likarudishwa sokoni. Nimepewa nyumba ya mtu, na wageni wake bado wanabisha hodi.

Nikiri jambo. Kwa dakika mbili ningeweza kuingia kwenye kila kitu chake. Unabonyeza "nimesahau nywila", kiungo kinakuja kwako. Sikufanya hivyo. Niliwaandikia wenye huduma mara mbili, mara zote nikajibiwa na mashine: asante kwa kuwasiliana nasi.

Lakini barua za mama nilizisoma. Zilikuja kila Jumapili jioni. Habari za bustani, za jirani anayejenga ukuta mpaka njiani, za macho yanayosumbua. Mwisho kila mara: "Najua una kazi nyingi, usijisumbue kujibu." Miezi minne sikujibu. Nilijiambia hayanihusu, ila Jumapili ikifika nafungua. Mwezi wa tano akaandika mstari mmoja: "Kama nimekukosea, niambie."

Hapo nikashindwa. Nikaandika: Shikamoo mama. Mimi siye mwanao, anwani hii nilipewa baada yake, nisamehe kwa kuchelewa kusema. Siku sita kimya. Ya saba jibu likaja: "Marahaba. Zote umekuwa ukizisoma?"

Sijamjibu mpaka leo.

Bintiwatu
Mkuu usituache hapo!! Mtoto alipatikana?

Jua_Kali
Nimesoma nimesimama.

Kiroboto
Miezi minne unasoma barua za mama wa watu? Hapa mkosaji ni wewe, si huduma.

Mwanasheria_Bubu
Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Kiroboto, nusu. Barua ya kwanza ni bahati mbaya. Ya kumi na sita ni mazoea. Ila aliyegawa ufunguo wa nyumba ya mtu kwa mpita njia hawezi kusema "ilikuwa bure". Hapo bure haimkingi. Anaweza kuninyima vichujio, rangi na mapambo yote. Hawezi kuchukua jina ambalo watu wananijua kwalo na kumvisha mwingine.

Dada_Mpole
Na si huko tu. Mwaka 2013 kuna kampuni kubwa ilitangaza waziwazi kwamba majina yaliyolala mwaka mzima yatagawiwa upya, wataalamu wa usalama wakapiga kelele sana. Google wao wanasema jina la Gmail likishafutwa halipewi mtu mwingine. Ila kufutwa kupo: akaunti isiyoguswa miaka 2 inaweza kuondolewa, walianza kufanya hivyo Desemba 2023. Kwa hiyo zile akaunti zenu za kando, ingieni hata mara moja kwa mwaka.

Kiroboto
@Dada_Mpole ningekuwa na akaunti za kando ningekwambia hapa?

Mkaa_Pembeni
Dawa ni kununua jina lako la kikoa, yaani lile linalokaa baada ya @. Anwani inakuwa mali yako, ukichoka na mtoa huduma unahama nayo.

Bintiwatu
Mali yako mpaka usahau kulipia mwaka unaofuata. Mimi nilisahau, jina likachukuliwa na watu wa kamari. Wateja wangu wakawa wanaalikwa kucheza.

Mkaa_Pembeni
Hilo nalo lipo.

Fundi_Sava
Anayetaka kulala salama avute nakala. Unganisha programu ya barua kwenye kompyuta kwa IMAP (njia ya kuisomea barua kutoka kwa mtoa huduma), iache usiku kucha ishushe kila kitu. Gmail kuna Takeout, huduma ya Google ya kushusha data zako, inakupa faili moja la mbox lenye barua zote, ambalo Thunderbird inaweza kulisoma kwa kuongezewa kiprogramu kidogo cha nyongeza. Kwa walio chini ya sheria za Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2018 kuchukua data zako na kuondoka nazo ni haki iliyoandikwa, kifungu cha 20 cha GDPR, sheria yao ya kulinda data. Bure au kulipia, sheria haitofautishi. Ukiniuliza mimi, deni lao linaishia hapo: lango la kutokea lisifungwe kwa kufuli.

Mwanasheria_Bubu
Na taarifa. Ongeza taarifa. Tena isitumwe kwenye kisanduku ambacho wao wenyewe wanajua hakifunguliwi.

Msomaji_Kimya
Nimerudi. Kiroboto, maneno yako nimeyapokea, nilijiambia hayo hayo kabla yako.

Kwa mnaouliza habari za mtoto: nilimpata kupitia ule mtandao wa kijamii, jina na picha vilikuwa kwenye arifa. Nikamwandikia kwamba anwani yake ya zamani ninayo mimi. Nilijiandaa alaani kampuni pamoja nami. Akaniambia hana hasira nao, ile anwani aliiacha mwenyewe. Alihamia nyingine na kuwaarifu wote: benki, kazini, marafiki wa shule. Nikamuuliza, na mama? Akaandika, akafuta. Nikaona vile vinukta vitatu vinakuja na kuondoka. Mwisho akasema: "Nilidhani amechoka kuniandikia."

Barua za Jumapili zimekoma kuja kwangu. Nadhani zimepata njia.

Dada_Mpole
😢

Bintiwatu
Naomba udhuru, nampigia mama.

Jua_Kali
Sasa huyu mleta mada na picha zake tumemsahau kabisa.

Mtafuta_Njia
Nipo wakuu, nilikuwa nasoma huku nafuta. Nimefuta matangazo ya miaka sita na picha zote zilizojirudia. Mstari mwekundu bado upo pale pale. Sasa huu ndio wizi wenyewe.

Fundi_Sava
Ulivyofuta umeenda kumwaga na pipa? Vitu vikikaa kwenye pipa vinaendelea kuhesabiwa mpaka vifutwe moja kwa moja, na hilo huchukua kama siku 30 usipolimwaga mwenyewe.

Mtafuta_Njia
Kumbe kuna pipa? Ngojeni.

Kiroboto
Angalia vizuri kabla hujamwaga, msimamizi wako asije akawa humo.