Pentax K1000 inavuja mwanga na kasi ya 1/1000 inakata picha: nitengeneze au nitafute nyingine?

mkanda36

Wakuu, habari za leo. Nina Pentax K1000, ile yenye neno Asahi juu, pamoja na lenzi yake ya 50mm f/2. Niko Tanga. Roli ya mwisho ilivyosafishwa imetoka hivi:

Karibu kila fremu ina mchirizi wa rangi ya chungwa upande mmoja. Picha za kasi ya 1/1000 (moja ya elfu ya sekunde) zina ukanda mweusi pembeni, kama robo ya fremu haikuona mwanga kabisa, lakini za 1/125 ni nzima. Sindano ya mita ya mwanga haitikisiki hata nikielekeza dirishani, na betri ni mpya. Halafu ukimulika lenzi kwa tochi, ndani kuna kitu kama utando wa buibui.

Fundi mmoja kasema "hii imekwisha, tafuta nyingine". Wa pili kasema inatengenezeka, ila hakueleza atafanya nini. Si kamera ya kumbukumbu, nataka ya kufanyia kazi. Mngekuwa nyie mngeamuaje?

pazia_la_pili

Mkuu, hapo una magonjwa manne na matatu kati yake ni mafua tu. La kuamulia ni moja: shata, yaani mapazia yanayofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Sponji za mlango (zinazozuia mwanga), mita na lenzi unaweza kuzishughulikia mezani kwako au kuziacha kabisa. Shata ikiwa mbovu kweli, hayo mengine usiyaguse kwanza.

Ukanda mweusi unatokana na hivi. K1000 ina mapazia mawili ya kitambaa yanayokimbia kwa mlalo. La kwanza linafungua, la pili linafuata kufunga. Kwenye 1/60 na chini yake, kuna muda fremu nzima iko wazi kabla pazia la pili halijaondoka, ndiyo maana flashi mwisho wake 1/60. Ukipanda juu ya hapo, la pili linaondoka kabla la kwanza halijafika, na mwanga unapita kwenye mwanya unaosafiri. Kwa 1/1000 mwanya huo ni kama milimita mbili na nusu. Pazia la kwanza likizembea kidogo kwa sababu ya grisi iliyoganda, la pili linalikuta njiani, mwanya unafungika, na kilichobaki cha fremu hakioni kitu. Kwa 1/125 mwanya ni mpana, kwa hiyo kosa lile lile lipo ila halionekani.

Usipoteze roli nyingine kupima. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaopigwa na jua, weka jicho nyuma na ufyatue 1/1000. Unatakiwa uone mstatili wote umemulika. Upande mmoja ukibaki giza, ndiyo hiyo. Rudia kwa 1/500 na 1/250, mara kumi kila moja, maana kamera iliyolala hufanya vibaya mara za kwanza kisha ikachangamka. Ikichangamka, tatizo ni uchafu na ukavu, na hilo linatibika kwa kusafisha na kutia oili. Isipobadilika hata kidogo, kuna uwezekano mvutano wa mapazia umeharibika au kuna mtu aliwahi kuuchezea.

Kasi za chini zipime kwa simu yenye video ya fremu 240 kwa sekunde. Kamera iangalie dirisha, simu irekodi kutoka nyuma, kisha hesabu fremu zenye mwanga. Sekunde 1 iwe fremu 240, 1/8 iwe 30, 1/30 iwe 8. Kwa 1/250 kwenda juu njia hii haifai, simu haiwahi.

Lete majibu hapa ndipo tuongee hela.

sponji_nyeusi

Naongezea la mchirizi. Rangi ya chungwa inakuambia mwanga umeingia kwa nyuma, umepita kwenye mgongo wa filamu wenye rangi hiyo kabla ya kufika kwenye dawa. Kwa hiyo mshitakiwa ni sponji za mlango. Pazia lingekuwa na tundu ungeona doa jeupe, na lingekaa palepale kila fremu.

Sponji za kamera hizi zikizeeka zinageuka kuwa kitu kama lami. Zimekaa sehemu tatu: mfereji wa juu na wa chini ambamo kingo za mlango huingia, upande wa bawaba, na ile ndogo ndani, mbele ya skrini ya kulengea fokasi, inayopokea kioo cha kuakisi kinaporuka juu.

Kwangua kwa kijiti cha meno au mti wa aiskrimu uliochongwa, si bisibisi. Mlango uelekee chini wakati unakwangua, ili makombo yadondoke sakafuni na si kwenye mapazia. Kisha pitisha pamba ya masikio yenye spiriti ya isopropili, kidogo tu, mpaka pamba itoke safi. Mabaki yakiachwa, sponji mpya haishiki. Kitambaa cha pazia usikiguse kwa kidole wala kwa spiriti.

Kwenye mifereji watu wengi hutumia uzi wa sufu mweusi: unaulaza ndani, unaukandamiza, na gundi kidogo kwenye ncha mbili tu. Unafanya kazi vizuri, na ukiharibika unautoa bila lami. Upande wa bawaba unahitaji kipande kipana cha sponji au kitambaa kizito cheusi. Ukimaliza, mlango ufunge kwa kubanwa kidogo. Ukilazimika kuusukuma kwa nguvu, umeweka nene mno, punguza.

Kujaribu: weka filamu, piga fremu moja, acha kamera juani dakika tano huku kifuniko cha lenzi kikiwepo, piga nyingine. Fanya hivyo fremu sita tu, kata kipande hicho gizani ukasafishe.

nusu_stopu

Mimi napingana na mnaosema "tengeneza" haraka haraka. Swali liwe: hii lenzi yake moja ina fangasi, mita imekufa, shata inasita. Kinachomfunga kwenye Pentax ni nini? Angekuwa na lenzi nne za mlango wa K (mdomo wa Pentax wa kufungia lenzi) ningekaa kimya. Hana. Anaweza kuhamia Nikon FM2 ya 1982, shata ya chuma inayokimbia wima, inafika 1/4000, na ikikosa betri bado inapiga kasi zote.

pazia_la_pili

Hoja ya lenzi moja ni nzuri, nakubali. Lakini FM2 nayo ina sponji na ina umri. Ukinunua kamera ya miaka arobaini ambayo haijafunguliwa na fundi, umenunua deni la mtu mwingine. Muuzaji akiandika "inafanya kazi", mara nyingi maana yake ni kwamba inalia "klak". Bei ya kweli ya kuhama ni bodi (kamera bila lenzi), jumlisha lenzi, jumlisha huduma ile ile unayoikimbia leo. Linganisha hiyo na huduma ya K1000 peke yake.

Na kwa atakayemshauri anunue mpya ya dukani: Pentax 17 ya 2024 ni kamera nzuri, lakini ni ya nusu fremu (kila picha ni nusu ya ukubwa wa kawaida), lenzi yake ya 25mm f/3.5 haitoki, na fokasi unakisia kwa alama za umbali. Haichukui nafasi ya hii.

fangasi_hapana

Lenzi na mita, haraka.

Lenzi: utando wa buibui ni fangasi. Ukiwa juu juu unafutika, ila fundi lazima afungue vioo. Ukiwa umekula ile rangi ya juu ya kioo, alama inabaki milele hata fangasi wakifa. Usilipie. Hiyo 50mm f/2 ni kati ya lenzi rahisi kuzipata za mlango wa K, tafuta nyingine safi, na uimulike kwa tochi kabla ya kutoa hela: fungua tundu mpaka f/2, angalia ukitokea mbele na nyuma. Ile yenye fangasi usiiweke sanduku moja na nyingine. Na tafadhali, watu wa Tanga, Mombasa na Unguja, achaneni na mikoba ya ngozi. Ngozi inatunza unyevu na kuvu wake. Weka kamera kwenye dishi la plastiki lenye kifuniko cha kubana na pakiti za silika, uzikaushe kila zinapobadilika rangi.

Mita: K1000 inatumia betri moja ya LR44, na betri ni ya mita peke yake, shata haiihitaji. Kama betri ni mpya na sindano imelala, fungua kifuniko chini na uangalie kama kuna ukoga wa kijani au mweupe. Upo? Pamba yenye siki, kisha spiriti, kisha kausha. Mara nyingi uchafu umeshapanda kwenye waya ulioungwa chini ya kikombe cha betri, na waya ukiukuna unakatika kama uzi uliooza. Kuuchomea upya kwa risasi ni kazi ya dakika chache kwa fundi redio yeyote mwenye mkono mwepesi. Waya ukiwa mzima na bado sindano imelala, iache. Programu ya mita kwenye simu inatosha, na kwenye jua kali huhitaji hata hiyo: tundu f/16 na kasi inayokaribia namba ya filamu (ASA, yaani wepesi wake kwa mwanga).

Ikifufuka, ilinganishe na simu. Ikikosea stopu moja (mwanga mara mbili au nusu) ileile kila mahali, rekebisha kwa kugeuza gurudumu la ASA. Ikikosea tofauti gizani na nuruni, usiiamini.

mkanda36

Asanteni sana. Nimepima leo asubuhi.

1/1000: upande mmoja giza, mara kumi kati ya kumi. 1/500: giza dogo mara saba za kwanza, tatu za mwisho safi. 1/250: safi zote. Video: sekunde 1 imetoa fremu 330, 1/8 imetoa 44, 1/30 imetoa 9. Chini ya kifuniko cha betri kuna kijani, waya umekatika kabisa.

pazia_la_pili

Sasa tunajua. Sekunde 1 yako ni sekunde 1.4 hivi, na 1/8 imezidi kwa karibu nusu stopu. Kasi za chini zinachelewa, na za juu pazia linasita ila linachangamka likizoezwa. Vyote viwili vinaelekea jambo moja: mafuta yaliyokauka. Hii haijafa. Yule wa kwanza alikosea.

Fundi wa pili muulize maswali matatu kabla hujamwachia. Atasafisha mihimili ya mapazia na gia za kasi za chini kabla ya kutia oili, au atatia juu ya uchafu? Ana kifaa cha kupima kasi, na atakupa namba za kabla na baada? Tatu, na hili ndilo la kumkamata: 1/1000 ikikata, atafanya nini kwanza? Akijibu "naongeza mvutano wa springi", chukua kamera yako uende. Mvutano unaficha uchafu kwa miezi kadhaa, unachosha kitambaa, na unavuruga kasi nyingine zote. Akisema anasafisha kwanza na mvutano ni wa mwisho, mwachie. Na asipulize oili ya kopo. Inatambaa mpaka kwenye mapazia na kioo.

Usimdai 1/1000 kamili. Ikitoka 1/700 ni nusu stopu, filamu ya negativu inameza bila kelele. Unachodai ni mwanga sawa kutoka kingo mpaka kingo.

nusu_stopu

Kwa namba hizo narudisha maneno yangu, tengeneza. Ila hata fundi akichelewa, kamera inafanya kazi leo: badili sponji, kaa 1/250 kushuka chini. Kwa jua la pwani filamu ya ASA 100 ni 1/250 kwa f/11, ya 200 ni f/16. Ya 400 itakupeleka f/22, ndio mwisho wa hiyo lenzi, kwa hiyo ya 400 iache kwa mawingu na jioni.

Na tafuta pembeni K1000 iliyokufa au KM kwa ajili ya spea. Ni ndugu, K1000 ni KM iliyopunguzwa vitu. Angalia tu isiwe ya China ya miaka ya mwisho kabla ya 1997, zile zina plastiki zaidi.

mkanda36

Nimeshaondoa lami ya mlangoni, uzi wa sufu umeingia vizuri. Swali la mwisho: sponji ya kioo niweke unene gani? Niliyo nayo ni milimita 3.

sponji_nyeusi

Usiiweke kwa kukisia. Kata kipande chembamba, kiweke bila gundi, fyatua kwa B (shata inabaki wazi mpaka uachie kidole) huku umetoa lenzi na uangalie kioo kikiwa juu. Kinatakiwa kiiguse na kuikandamiza kidogo tu, huku kikifika juu kabisa. Kikisimama kabla ya kufika, au kikisita kushuka ukiachia kidole, milimita 3 ni nene, tafuta ya 2. Funika skrini kwa karatasi wakati unakwangua ya zamani. Lami ikianguka kwenye skrini usiifute kwa spiriti, ile ni plastiki na inaweza kupata ukungu.