Naomba ushauri: nitawafundishaje watoto kuwatambua ndege wa uani kwetu?

Mama Wawili, Dar es Salaam

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nina watoto wawili, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Tunaishi Kimara katika nyumba yenye uwanja mdogo: mwembe mmoja mkubwa, mipapai mitatu, mnazi wa jirani ulioinamia upande wetu, na ua wa michongoma. Tangu shule zifungwe mwezi huu wa Desemba nimewakataza kukaa mbele ya runinga asubuhi yote, nao wakaangukia jambo nisilolitarajia, yaani kutazama ndege. Kila baada ya dakika mbili naulizwa, "Mama, yule ni nani?" nami najibu kwamba ni shomoro. Juzi binti yangu alinikamata. Aliniambia haiwezekani mwenye kichwa cheusi, na yule wa manjano, na yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili, wote wakawa shomoro. Ukweli ni kwamba ninaowafahamu kwa hakika ni kunguru, njiwa, mwewe na kuku.

Nilipakua programu ya simu inayotambua ndege kwa sauti, ikanipa majina ya Kiingereza ambayo watoto wanayakariri bila kujua maana yake. Ningependa wayajue kwa Kiswahili. Tatizo la pili ni mtoto wa shemeji yangu, kijana wa miaka 12, aliyekuja likizo na manati yake. Jana aliangusha tetere chini ya mwembe. Mwanangu mdogo akalia sana, kisha baada ya nusu saa akaomba na yeye atengenezewe manati. Sitaki kumdhalilisha mgeni, lakini sitaki pia uwanja wangu uwe machinjio. Zaidi ya hapo, jirani amenishauri ninunue ndege wa kufuga tunduni ili watoto wamwone kwa karibu, na moyo wangu unasita.

Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kulifanya jambo hili nyumbani, bila gharama kubwa.

Babu wa Pangani

Mwanangu, usione haya. Sisi majina haya hatukuyapata darasani. Tuliyapata tulipopelekwa mashambani kuamia ndege wakati mpunga unapochanua, tukikaa kwenye kichanja siku nzima na bibi akitutajia kila anayetua. Watoto wa siku hizi hawaamii ndege, kwa hiyo si ajabu kwamba wote wamekuwa shomoro.

Nitajaribu kwa maelezo uliyoyatoa. Mwenye kichwa cheusi, mwili wa kahawia na manyoya ya manjano chini ya mkia ni shorewanda, na wengine humwita shore tu. Ni miongoni mwa wanaotangulia kulia alfajiri, na bila shaka ndiye anayekutobolea mapapai. Wa manjano mwenye uso mweusi na jicho jekundu, ikiwa mnamwona akienda na kurudi kwenye mnazi na ukanda wa jani mdomoni, ni mnana dume. Jike lake lina rangi ya kijani iliyofifia, na watu wengi hudhani ni ndege wa aina nyingine kabisa. Mwenye mkia mrefu na kishungi, anayetambaa matawini kama panya, ni kuzumburu. Hao hutembea kwa makundi, na wakipumzika hujibana pamoja wakining'inia kama chane ya ndizi. Mkimwona ndege mdogo sana mwenye mng'ao, anayetumbukiza mdomo uliopinda ndani ya maua, huyo ni chozi.

Nikuonye jambo moja. Majina ya ndege hubadilika ukivuka mto mmoja tu. Mimi nimekua nikimwita kurumbizi ndege fulani wa manjano anayependa miti mikubwa, na jirani yangu aliyetoka kusini hulitumia jina hilo hilo kwa ndege mwingine, na tumebishana miaka minne bila mshindi. Kwa hiyo watoto wakiandika jina, waandike pia nani aliyewapa na anatoka wapi. Usiwaambie kwamba mmoja amekosea.

Baba Daftari, Morogoro

Mleta mada, nimefanya hivi na wanangu watatu kwa mwaka mmoja na nusu, na nilianza vibaya. Nilinunua darubini ya mtumba na kitabu kizito, nikawapangia waandike aina kumi kwa wiki. Walichoka siku ya nne. Darubini yenyewe waligombania hadi kioo kikapasuka, na hata hivyo katika uwanja wa ukubwa wa wako macho matupu yanatosha kabisa.

Kilichotufaa ni kinyume chake: ndege mmoja, dakika 15, mahali pamoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali. Kila mtoto ana daftari la kawaida la shule. Hawaandiki jina kwanza, wanaandika anachokifanya. Anatembea au anaruka kwa miguu miwili pamoja? Anakula chini au juu? Yuko peke yake? Mkia anautikisa? Asiyejua kuandika anachora. Jina huja mwisho, na mara nyingi likija linakuta mtoto ameshamfahamu ndege mwenyewe.

Kwa kuwa Babu amekwisha kusema kwamba mna mnana, msihangaike na mwingine kwanza. Mwambie binti yako atazame dume linavyoanza: hutua kwenye kuti la mnazi, hung'ata ukingo wa jani, kisha huruka na kuuchana utepe mrefu kwa nguvu ya kuruka kwenyewe. Utepe huo huuzungusha kwenye kijiti hadi upatikane mduara, kitu kama pete ya kusimamia, na akiwa amesimama ndani ya pete hiyo husuka chumba upande mmoja na baraza upande wa pili, kwa mdomo na miguu tu, akipitisha utepe chini na juu kama msusi wa mkeka. Kiota kikikamilika mlango huwa unatazama chini. Hapo dume hujining'iniza kichwa chini, hupigapiga mabawa na kupiga kelele ili jike lije kukagua. Jike huingia, huvuta nyuzi za ndani, na lisiporidhika huondoka zake. Kiota kisichopata jike hukauka na kugeuka rangi ya majani makavu, na dume lenyewe hukifumua na kuanza upya. Mwanangu wa pili alihesabu viota vinne vilivyofumuliwa na dume moja, na akalionea huruma kiasi cha kutaka kumwandikia jike barua.

Mkishazoea, mwezi Februari kuna siku nne za kuhesabu ndege wa nyumbani. Zoezi hilo lilianza Amerika Kaskazini mwaka 1998, na tangu 2013 mtu wa nchi yoyote anaweza kushiriki: unatazama kwa dakika 15 au zaidi, unahesabu, unatuma kwa simu. Wanangu walifurahi kuona hesabu yao ya Morogoro imepokelewa. Programu uliyopakua si mbaya, ila itumike kuthibitisha, isitumike kuanzia.

Mwana wa Lindi

Nitazungumzia manati tu, kwa sababu nilikuwa mtoto huyo. Nilikuwa na manati, nilikuwa na ulimbo wa utomvu wa mfenesi, na nilijua kila ndege analala wapi, anakunywa saa ngapi na mti gani unaiva lini. Hakuna mtoto mwingine kijijini aliyewajua ndege kama sisi wawindaji. Kwa hiyo usimfukuze kijana huyo na usimwite mkatili mbele ya wadogo zake. Mfanye kiongozi. Mwambie manati inakaa kabatini kwako hadi siku ya safari, kisha umwombe awaonyeshe wadogo zake viota vyote anavyovijua, kwa masharti mawili: wasiguse, na wasisogee karibu kiasi cha kumfanya mama aondoke kwenye mayai. Nina hakika utashangaa anavyojua.

Kuhusu tundu, naungana na moyo wako. Ndege wengi wanaouzwa barabarani wamekamatwa porini, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa. Tena, ndege wa tunduni hafanyi hata robo ya mambo aliyoyaeleza Baba Daftari.

Mfugaji Mdogo

Wote mmesema vizuri, ila ameshataja kuku na hakuna aliyeuliza. Dada, kama unafuga, usiweke chakula cha ndege karibu na banda. Mwaka juzi nilikuwa nikiwamwagia chenga za mchele mlangoni pa banda ili watoto wafurahie, nikapoteza kuku 23 kwa kideri. Siwezi kuapa kwamba ndege wa porini ndio walioleta, maana nilikuwa pia nimechelewesha chanjo, lakini ndege wanaoingia na kutoka bandani wanaweza kubeba ugonjwa. Chanjo ya matone ya jicho irudiwe kila baada ya miezi 3, na chakula cha ndege kiwe upande mwingine wa uwanja, juu ya kibao. Mtama au uwele kiganja kimoja unatosha. Kikibaki hadi jioni kiondoe, la sivyo utakuwa unafuga panya.

Kwa maoni yangu maji ni bora kuliko chakula. Bakuli pana la udongo, maji ya kina cha vidole viwili, jiwe katikati la kusimamia. Yamwagwe na bakuli lisuguliwe kila siku bila kukosa, kwa sababu Dar es Salaam mnaijua dengi na mbu wake hutaga hata kwenye maji kidogo. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kuosha.

Bintu Unguja

Mama Wawili, usiwaruke kunguru kwa kuwa unawajua. Waulize watoto shingo ya kunguru wenu ina rangi gani. Ikiwa ni ya kijivu, huyo asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa hapa kwetu Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale takataka, akavuka hadi pwani yote ya bara. Kunguru wetu wa asili ana kifua cheupe na ukosi mweupe, na katika miji ya pwani sasa ni nadra kumwona. Huyu wa kijivu hula mayai na makinda ya ndege wengine. Wanangu waliandika saa ambazo kunguru walitua kwenye mti wenye kiota cha shore, na siku ya tano kiota kilikuwa kitupu. Walihuzunika, lakini walielewa kwa nini uwanja wetu una sauti chache kuliko wa bibi yao kule shamba.

Kinda likianguka, lirudisheni kiotani kama mnakifikia. Si kweli kwamba mama hulikataa kwa harufu ya mikono ya watu. Lakini likiwa limeota manyoya yote na linarukaruka, liacheni, au liwekeni kwenye tawi mbali na paka. Wazazi wake wako karibu wanalilisha.

Mkaazi wa Ghorofa, Nairobi

Hamjambo. Mimi sina uwanja, nina baraza ya ghorofa ya tatu tu, na bado wanangu wanawajua kwarara, ambaye hutuamsha kwa makelele kabla ya saa ya kengele, mwewe, na korongo wakubwa wa jalalani. Aliye Nairobi wakati wa likizo anaweza kufuatana na matembezi ya kutazama ndege ya Nature Kenya, ambayo huanzia Makumbusho ya Taifa kila Jumatano asubuhi. Nilikwenda nikidhani nitawachosha watoto. Mimi ndiye niliyeomba tupumzike.

Mama Wawili, Dar es Salaam

Nimerudi baada ya siku kumi na moja. Nawashukuru nyote, na Mfugaji, nimehamisha kibao.

Manati iko kabatini. Kijana alinuna siku moja, kisha akatuonyesha viota sita, kimoja kikiwa juu ya taa ya mlango wetu wa nyuma ambako napita kila siku na sijawahi kuinua macho: kifuko kidogo cha nyuzi kavu na utando wa buibui kinachoning'inia, na chozi anaingia humo. Binti amejikita kumtazama mnana wa mnazi wa jirani. Amemwandikia kurasa tisa, na jana dume lilifumua kiota cha pili. Akaja jikoni kunieleza akiwa amekunja uso kama aliyefelishwa mtihani.

Mdogo ndiye anayenishinda. Amechora ndege mkubwa wa kahawia, mkia mweusi mrefu, nyusi nyeupe na jicho jekundu, anayetembea chini ndani ya michongoma na kuruka kwa uzito kama amechoka. Anasema sauti yake ni ya maji yanayomwagwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, "du-du-du-du" kuelekea chini. Programu ilinyamaza. Babu, huyu ni nani?

Babu wa Pangani

Mwambie mjukuu wangu kwamba amechora vizuri kuliko kitabu. Huyo ni dudumizi, na wengine humwita tipitipi. Kwetu akilia namna hiyo tunasema anaita mvua, kwa hiyo kama una nguo kambani, anza kuzianua.