Tupeane uzoefu: mlihamishaje timu yenu ya waprogramu kwenda ajaili?

Mwana Himbi, Goma

Jambo kwenu nyote. Naongoza timu ya watu sita hapa Goma, tunaandika programu. Sasa hivi tumeshika kazi ya depo moja ya dawa: zinazoingia, zinazotoka, zinazokaribia kuisha muda. Kwa miaka minne tulifanya kama tulivyofundishwa: mteja anatia sahihi cahier des charges, yaani orodha ya kila kitu anachotaka, tunajifungia miezi mitano au sita, kisha tunampelekea kitu kizima. Mara ya mwisho mteja alikitazama kile kitu kizima kama mtu aliyeletewa mzigo wa jirani. Miezi mitano ya watu sita. Usiku ule sikupata usingizi.

Tukaamua kuhamia ajaili, yaani kutoa programu vipande vidogo vidogo na kumwonyesha mteja kila mara. Hii ni wiki ya saba. Tuna ubao wenye karatasi za rangi, kila karatasi kazi moja, kila asubuhi saa tatu tunasimama kwa dakika 15, tuna sprinti (vipindi vya kazi) za wiki mbili. Lakini mteja bado hajaona hata skrini moja, na vijana wameanza kuniuliza kikao hiki ni cha nini. Nimelisoma lile tamko la ajaili la mwaka 2001, la wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, kule Marekani. Ni fupi, na kila mstari naukubali. Kinachonishinda ni kuliingiza katika ofisi yetu, yenye umeme wa kubahatisha na mkataba uliokwisha kusainiwa.

Aliyepita njia hii naomba asimulie ya kwake, hasa yale yaliyoharibika.

Mama Kadutu, Bukavu

Ndugu yangu, naanza na hicho kikao cha asubuhi, maana sisi kilitutesa karibu mwaka mzima.

Mkubwa wetu wa kazi alikuwa anakuja na daftari. Tunasimama nusu duara, yeye mbele, kila mmoja anasema alichofanya jana, atakachofanya leo na kinachomzuia. Yeye anaandika. Hakuwa mtu mbaya, alitaka kujua kazi imefika wapi. Ila lile daftari lilimbadilisha kila mtu kinywa. Tulikuwa na kijana mmoja hodari sana wa hifadhidata. Jumatatu akasema, "Naendelea na ripoti." Jumanne, "Naendelea na ripoti." Alhamisi vilevile. Ijumaa jioni nikamkuta peke yake, umeme umekatika, ameegemeza simu kwenye kikombe ili tochi yake imulike kibodi, anafuta na kuandika upya mistari ileile. Mwezi ulikuwa unaingia mahali pa siku kwenye tarehe. Tulilimaliza kwa dakika ishirini. Alikwama tangu Jumatatu, akaona haya kulitamka mbele ya daftari.

Nilimwendea mkubwa faraghani, kwa heshima, nikamwomba asubuhi atuachie, aje Ijumaa aone kazi yenyewe ikitembea. Ilibidi nirudi kwake mara ya pili ndipo akakubali. Halafu tukaacha kuzunguka mtu kwa mtu. Tunaanza na karatasi iliyo karibu zaidi kumalizika, tunaulizana: hii inataka nini ili iishe leo? Hapo aliyekwama hahitaji kujitangaza, karatasi yake inaonekana na wote kwamba haijasogea. Hata mwongozo wa skramu (ule mtindo wa ajaili wenye sprinti na kikao cha kila siku) wa waanzilishi wake, Schwaber na Sutherland, uliyaondoa yale maswali matatu katika toleo la 2020, lakini timu nyingi bado zinayakariri kama sala.

Mutu wa Ruashi, Lubumbashi

Ndugu wa Goma, mimi nitasema juu ya mkataba, kwa sababu huko ndiko ulikofungwa.

Huku kazi nyingi tunazipata kwa makampuni yanayohudumia migodi, na idara ya manunuzi inataka bei moja, tarehe moja na orodha ndefu ya vitu. Tulipata kazi ya ghala la vipuri. Sikubishana nao juu ya bei wala tarehe. Niliomba waongeze kifungu kimoja, na malipo yagawanywe: asilimia 30 mwanzoni, yaliyobaki yalipwe kidogo kidogo kila kipande kinapoanza kutumika ghalani. Walikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kwao ilikuwa afadhali, wasipoona kitu hawalipi.

Kipande cha kwanza kilikuwa skrini moja tu ya kupokea vipuri. Wiki ya pili nikaipeleka ghalani mwenyewe. Mtunza ghala ni muzee wa karibu miaka sitini, amevaa glavu za ngozi. Akabonyeza simu, simu haikusikia. Mkono wa kushoto umeshika fomu, basi akaivua glavu ya kulia kwa meno, akabonyeza, akaivaa, akahesabu boksi, akaivua tena kwa meno. Mara nne kwa kreti moja. Hakulalamika hata kidogo. Cahier des charges yetu ilikuwa na kurasa 60 na hakuna hata moja iliyotaja glavu. Wiki iliyofuata tukaweka usomaji wa msimbo wa mistari kwenye kitufe cha sauti, kile cha ubavuni mwa simu, ambacho hata glavu inakibonyeza. Nikamrudishia. Alipokea kreti nzima bila kusimama, akaniangalia, akasema, "Sasa hii ni yangu." Sijawahi kulipwa malipo mazuri kuliko maneno hayo.

Na jambo dogo kwa wenye wenzao Kinshasa: wao wako nyuma yetu saa moja. Kila mwaliko wa kikao uandikwe saa ya wapi. Sisi tulipoteza wiki mbili tukisubiriana.

Mjaribu wa Majengo, Goma

Mimi kazi yangu ni kujaribu programu kabla haijatoka. Sprinti zetu za wiki mbili zilikuwa ule mtindo wa zamani, umekatwa vipande tu. Siku tisa wanaandika, siku ya kumi mchana nakabidhiwa karatasi kumi na moja kwa mpigo. Umeme ukikatika jioni hiyo, sprinti imeanguka, na macho yote kwangu. Niliwahi kulia ofisini, na siwezi kusahau.

Kilichotutoa hapo ni chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo. Mwenzetu mmoja baba yake alikuwa akishusha viazi kwa chukudu kutoka Kibumba. Siku moja kwenye kikao cha kutazama tulikotoka akatueleza: chukudu ukiipakia kupita kiasi, usidhani itakwenda polepole. Inaanguka kwenye mteremko, na muda wa kuokota viazi barabarani ungetosha safari mbili. Chumba kikawa kimya. Siku hiyohiyo tukaandika 3 juu ya safu ya "inaandikwa" na 2 juu ya safu ya "inajaribiwa" kwenye ubao, yaani karatasi zisizidi hapo. Yangu ikijaa, hakuna anayeruhusiwa kuchukua karatasi mpya, anakuja kuketi nami tujaribu.

Wiki ya kwanza waliona ni adhabu. Mprogramu wetu mzoefu kuliko wote aliketi pembeni yangu, na ndani ya saa moja akaiona mwenyewe fomu yake ikipoteza maandishi kila intaneti ilipopepesuka. Nilikuwa nimemwandikia kosa hilo mara tatu. Alilirekebisha palepale. Baada ya miezi miwili tuliacha sprinti kabisa, tukabaki na ubao na zile namba. Baadaye ndipo nikajua kwamba njia hiyo ya ubao na namba inaitwa kanbani, na asili yake ni viwanda vya Toyota, enzi za Taiichi Ohno. Kwangu mimi asili yake ni Kibumba.

Mhasibu wa Kahawa, Bukavu

Samahani, mimi si mprogramu. Niko upande wa mteja, nashika hesabu za ushirika wa kahawa, na natamani waprogramu wanisikie.

Walituambia wanafanya kazi kwa ajaili, kwa hiyo mtu wetu awe anakuja ofisini kwao kila wiki. Msimu wa mavuno! Wakulima wamepanga foleni na mabeseni tangu asubuhi, mizani moja, mimi na msichana mmoja wa kuandika. Nikakosa mara tatu, nikaambiwa mteja hashirikiani. Iliniuma, kwa sababu programu ile naihitaji kuliko wao.

Mwishowe binti mmoja wa timu alipanda pikipiki, akaja, akaketi kwenye gunia karibu na mizani kutwa nzima. Programu ilikuwa inadai namba ya simu kwa kila mkulima. Akawaona mama watatu, mmoja baada ya mwingine, wakitaja namba ileile ya jirani yao, na programu ikiwakataa wawili wa mwisho. Aliuliza maswali machache sana. Kesho yake wakulima walitambuliwa kwa namba ya kadi ya ushirika, na simu ikawa hiari.

Kwa hiyo ndugu wa depo ya dawa, usimngoje mteja. Nenda kaketi depo. Na muombe mkubwa wa depo ataje mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuamua palepale, maana kwetu kila swali lilipanda kwa komite na kurudi baada ya siku kumi.

Kijana wa Kamalondo, Lubumbashi

Fupi tu: zile pointi za kukadiria ukubwa wa kazi msimpelekee mkubwa. Kwetu alilinganisha timu mbili kwa pointi. Mwezi uliofuata kazi ya pointi 3 ikawa ya 8, kazi ni ileile.

Mwana Himbi, Goma

Aksanti sana, tena sana. Nimeyasoma haya mbele ya timu asubuhi hii, tumekaa, hatukusimama. Ilipofika habari ya daftari, vijana wawili waliinamisha kichwa. Nikaelewa kwamba daftari ni mimi. Nimewaomba radhi.

Karatasi kumi na nne zilikuwa "zinaandikwa". Tumezirudisha nyuma kumi na mbili, zimebaki mbili. Ya kwanza ni orodha ya dawa zinazoisha muda ndani ya siku 90, skrini moja, basi. Alhamisi naipeleka depo kwa yule mama anayepanga rafu, na nitashinda huko hadi jioni.

Yaya wa Ruashi, kile kifungu chako kilisemaje hasa?

Mutu wa Ruashi, Lubumbashi

Nimekitafuta, hiki hapa: "Mteja anaweza wakati wowote kuondoa kazi ambayo haijaanza na kuweka nyingine ya ukubwa uleule kwa makubaliano ya pande zote mbili, bila kubadili bei wala tarehe." Kwetu kilitumika mara kumi na tisa. Mkienda Alhamisi, mpe yule mama simu yake mwenyewe atumie, isiwe ya kwako.