Barua ya utafiti wa upweke: nijaze au nichane?

Kutoka: Binti wa Tukuyu, Leicester

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Nimeletewa barua na chuo kikuu kimoja cha huku Uingereza. Wanasema wanatafiti afya na mahusiano ya watu, jina langu limeangukia kwenye bahati nasibu yao, nijaze dodoso: nina marafiki wangapi, naongea na ndugu mara ngapi, nalala vipi, mshahara wangu ni kiasi gani. Mwisho wanaomba ruhusa ya kufuatilia rekodi zangu za hospitali miaka ijayo. Viza yangu haijakaa sawa na mwenzangu wa zamu ya kutunza wazee anasema nichane. Mama wa Uyole, najua kazi hizi za utafiti umezifanya. Naomba neno.

Kutoka: Kaka wa Mafinga, Reading

Kamwene dada. Mtu akikuuliza una marafiki wangapi, mwulize anataka kukopa kiasi gani!

Haya, tuache utani. Pigia chuo chenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, usitumie ile ya kwenye barua. Wakikutaka namba ya kadi ya benki, hao ni matapeli. Tazama kama karatasi inataja kamati ya maadili iliyopitisha kazi hiyo na nani atatunza taarifa. Ruhusa ya rekodi za hospitali mara nyingi ina kisanduku chake. Maswali ujibu, kisanduku ukiache, hakuna atakayekugombeza.

Kutoka: Mama wa Uyole, Mbeya

Marahaba mwanangu. Hofu yako nimeikuta kwenye nyua nyingi. Huku mtafiti haji mlangoni hivihivi: kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, barua mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji. Na bado ukifika Isongole na makabrasha yako unasikia watoto wanatimka, mumiani kaja! Tulichokuwa tunawaambia watu ni kwamba una haki ya kukataa, una haki ya kuishia katikati, na ukikataa hunyimwi dawa zahanati. Asiyejua kusoma aliweka dole gumba mbele ya shahidi. Fomu yako ya ridhaa lazima iseme hayohayo. Isiposema, chana.

Sasa kwa nini wanauliza habari za marafiki. Mwaka 1979 watafiti Lisa Berkman na Leonard Syme walitoa matokeo ya watu wazima karibu 7,000 wa kaunti ya Alameda, California, waliofuatiliwa miaka tisa. Waliwauliza mambo ya kawaida tu: una mwenzi? Unaonana na ndugu na marafiki? Unasali kanisani? Uko kwenye kikundi chochote? Waliokuwa na watu wachache kabisa walikufa zaidi ya mara mbili ya waliokuwa na watu wengi, na pengo halikwisha hata walipozingatia sigara, pombe na hali ya afya ya mwanzo.

Hapo kwenye afya ya mwanzo pasome vizuri. Mzee akiacha kuonekana misibani, je, upweke ndio uliomwumiza, au alianza kuumwa ndipo akajifungia? Ukimuuliza siku moja huwezi kujua. Ndiyo maana wanataka kukufuata miaka, hawaridhiki na siku moja.

Na mshahara? Mtafiti Michael Marmot na wenzake walichambua habari za watumishi wa serikali London, wanaume, waliofuatiliwa kuanzia 1967. Hakuna aliyekuwa fukara pale, wote wana kazi ya ofisini, lakini kila ukishuka cheo vifo vya moyo vinaongezeka. Tarishi alikuwa hatarini kuliko karani, karani kuliko bosi wake. Bila swali la cheo au kipato jambo kama hilo halionekani.

Mimi nasema jaza. Uingereza walipokusanya watu wa UK Biobank, utafiti mkubwa wa kufuatilia afya za watu, waliandika barua zaidi ya milioni 9 wakapata watu kama 500,000, yaani asilimia 5.5, na waliokubali walikuwa na afya na maisha bora kuliko waliokaa kimya. Mlinzi wa usiku hayumo, na mpangaji anayehama kila mwaka barua haimfikii. Ninyi mnaotunza wazee wa watu huko mkichana zote, hesabu zitafanywa bila ninyi na huduma zitapangwa hivyohivyo.

Halafu msijidanganye kwamba upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2025 inasema upweke uko kama asilimia 24 kwenye nchi za kipato cha chini, na kama 11 kwenye nchi tajiri. Sikushangaa. Hapa Mwanjelwa yupo mjane mwenye wapangaji nyumba nzima, na anayemjulia hali ni muuza maziwa.

Kutoka: Dada wa Njombe, Leeds

Shikamoo mama. Naongezea kwa mdogo wangu. Utafiti hautakutibu, kwa hiyo kama usingizi hauji jiandikishe kwa daktari wa mtaa. England hawatakiwi kukukatalia kwa sababu huna uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji. Mkalimani ni bure, omba unapopanga miadi. Zahanati nyingi zina mtu wa kukuunganisha na vikundi vya jirani, kwaya, bustani, chochote, mwulizie mapokezi. Grupu letu la michango ya misiba ni zuri, sina ubishi, ila siku umeanguka bafuni halitagonga mlango.

Kutoka: Binti wa Tukuyu, Leicester

Asanteni sana. Nimepiga simu, chuo kinautambua utafiti. Nimeanza kujaza, rekodi za hospitali nimeziacha kwanza hadi viza itoke. Nimekwama hapa: “Unaishi peke yako?” Nyumba tumo watano, jiko moja, kila mtu zamu yake, na wawili sijui hata majina.

Kutoka: Mama wa Uyole, Mbeya

Jibu hapana. Hapo wanahesabu vichwa tu. Endelea mbele, utakuta wameuliza ni mara ngapi unajiona umetengwa au huna mtu wa kuwa naye. Hapo ndipo useme ukweli wako. Na hao wawili waulize majina, mwanangu.