Nina ufadhili chuoni, nyumbani wanataka tugawane posho. Nifanyeje?

Binti wa Ufipa:
Wakuu, habari za jioni. Naombeni ushauri. Matusi nitayapokea, ila yasizidi.

Niko mwaka wa pili, nasomea kilimo Morogoro. Kwetu ni kijijini huko Sumbawanga. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, mama analima mahindi na maharage. Nilipochaguliwa kidato cha tano, baba mdogo aliuza ng'ombe wake mmoja aliyekuwa naye ndipo nikaenda shule. Matokeo ya sita yakaja vizuri, nikapata mfadhili. Ada analipa yeye, na kila miezi miwili ananiwekea 600,000 ya kula na kulala. Sharti ni GPA, yaani wastani wa alama zangu, isishuke chini ya 3.5.

Sasa mdogo wangu wa kiume naye kachaguliwa kidato cha tano, bweni, anaripoti Julai. Fomu ya kujiunga ninayo hapa kwenye simu: godoro na shuka 110,000, sare pea mbili na sweta 90,000, viatu 30,000, rimu mbili 26,000, jembe, kwanja na ndoo 30,000, mchango 60,000, nauli 34,000. Jumla 380,000. Mama kaniambia kwa upole, "Angalia utakavyoweza mwanangu." Baba mdogo hakuzunguka: "Tulikusomesha uwavute wenzako."

Ambacho sijawaambia: muhula uliopita mdogo wetu wa mwisho alilazwa, nikatuma 250,000. Nikawa nakula mara moja kwa siku, mihogo ya kukaanga na maji mengi. Nikapata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Takwimu. GPA imebaki 3.6. Nikituma tena naogopa. Nisipotuma, baba mdogo nitamtazama kwa macho gani?

Kapuku Msomi:
Elimu si bure siku hizi? 380,000 ya nini tena?

Mwalimu wa Zamu:
Mkuu, kilichofutwa ni ada. Kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, cha tano na sita tangu 2022. Godoro halijafutwa.

Mtoa mada, nafundisha shule ya bweni na kila Julai nakaa getini kupokea watoto. Kaa na mama kwenye simu mpitie hiyo fomu mstari kwa mstari. Jembe sisi tunakagua lina mpini, hatuulizi kama ni jipya. Mchango mzazi amwone mkuu wa shule mapema aombe kulipa kwa awamu. Asisubiri siku ya kuripoti, siku hiyo kuna foleni na kila mtu kakunja uso.

Mpiga Jaramba:
Tuma zote. Mimi miaka mitatu boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, nakula nusu, nusu inaenda nyumbani. Leo wadogo zangu wawili wameajiriwa. Njaa ya chuo haiui.

Mama Kulwa:
Haiui, inafelisha. Wewe ulikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo. Bodi wanachotaka uvuke mwaka, halafu uje kukatwa 15% ya mshahara. Mwenzio hana deni, ila akigusa 3.4 tu kwisha habari yake, na huyo wa kidato cha tano anabaki bila mtu.

Binti, mimi nilisomeshwa na CAMFED, shirika linalosomesha wasichana, nikiwa sekondari, Iringa. Hawa walianza Zimbabwe mwaka 1993 na wasichana 32, na wale waliomaliza wakaanzisha umoja wao mwaka 1998 wa kuwashika mkono walio nyuma. Na mimi nimo. Nina watoto watatu ninaowasaidia shule kijijini kwetu. Sare namlipa fundi mwenyewe, daftari nanunua mwenyewe. Hela ya mkononi simpi mtu, maana ikifika nyumbani inakuta mgonjwa, inakuta mbolea, inakuta msiba. Si wizi, ni shida tu zimepanga mstari. Ila nilianza nilipoanza kuuza vitenge vyangu. Nikiwa chuo nilichangia viatu pea moja, basi. Na hakuna aliyeniona mchoyo, kwa sababu niliwatajia nilichokuwa nacho.

Wewe umewaambia kwamba ulikula mihogo mwezi mzima? Hujawaambia. Wanadhani una 600,000 ya kuchezea.

Mkulima wa Siaya:
Dadangu, salamu kutoka Kenya. Mimi nilisoma kwa Wings to Fly, ule ufadhili wa Equity na Mastercard Foundation. Karo, sare, vitabu, nauli, hata pesa za mfukoni walitoa. Naungana na Mama Kulwa: chagua kitu kimoja ulipe kikamilifu. Ukituma elfu hamsini hamsini hutaona ulichofanya, na wao pia hawataona.

Mpiga Jaramba:
Na huyo baba mdogo aliyeuza ng'ombe? Alichagua kitu kimoja?

Mama Kulwa:
Ndiyo. Aliuza ng'ombe mmoja, shamba hakuuza.

Binti wa Ufipa:
Nimerudi wakuu. Jana usiku nilipiga, mama akaweka sauti ya juu, baba mdogo akiwepo. Niliwaambia yote, pamoja na sapu. Kimya kikawa kirefu mpaka nikadhani salio limekata. Kisha baba mdogo akauliza, "Kwa nini ulale njaa na hapa kuna mahindi?"

Tukapitia fomu. Jembe na kwanja vipo nyumbani, ndoo pia ipo. Sare atashona fundi wa pale kijijini, mama atamlipa kwa maharage. Nauli kasema baba mdogo juu yake. Kesho mama anaenda shuleni kuomba mchango ulipwe mara mbili. Viatu na rimu mdogo wangu kasema atabeba tofali wiki mbili. Na wiki ijayo kuna mtu anashuka na basi, ananiletea debe la unga.

Mimi nimebakiwa na godoro na shuka. Mwenye kujua bei ya godoro la futi mbili na nusu Sumbawanga mjini aniambie, hiyo 110,000 naona imezidi.