MREJESHO: Ini lililopasuka na angiografia

Wakuu, niliuliza kama majeruhi wa bodaboda aliyepasuka ini lazima apate angiografia (mrija na dawa mshipani ili kuona na kuziba panapovuja damu) ndipo apone. Asanteni sana kwa majibu. Nimeyapanga hivi, kwa faida ya wenzetu wa vituo vya kandokando ya ziwa.

Kinachoamua ni presha kuliko daraja la jeraha (namba ya ukubwa wake). Hata daraja la 4, presha ikiwa imetulia na utumbo haujatoboka, anaweza asipasuliwe. Anapigwa CT-Scan yenye dawa ya mshipani. Dawa ikionekana kuvuja kutoka kwenye ateri, mrija hupitishwa kinenani hadi ateri ya ini, na tawi linalovuja linazibwa kwa koili (waya mdogo uliojikunja) au jelatini.

Ila takriban robo tatu ya damu ya ini huletwa na vena ya porta (mshipa unaotoka kwenye utumbo), si ateri. Uvujaji wa huko koili haiugusi! Presha ikizidi kushuka licha ya kuongezewa damu, ni chumba cha upasuaji moja kwa moja: ini linabanwa kwa vitambaa, vinavyotolewa baada ya saa 24 hadi 72.

Tusidanganywe na takwimu za kupona: wanaofikishwa kwenye angiografia mara nyingi ndio waliokuwa na hali nafuu tangu mwanzo.

Baada ya kuziba, homa, maumivu au macho ya manjano vitafutiwe usaha, nyongo iliyovuja au ini lililokufa.

Wa Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi la kuvukia kwenda Mwanza lipo sasa. Mpeni rufaa presha ingali imesimama, na piga simu kwanza damu iandaliwe.